Jina Lako Kwenye Chupa

(Mazungumzo ya mwanachama mwenzetu, mwenye duka la steshenari, katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Nimetakiwa niseme machache juu ya jina na alama ya biashara, au kama wanavyosema vijana siku hizi, nembo. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu ya kazi yangu. Natoa kopi, natengeneza mihuri, nachapa lebo, na lebo nyingi za wanachama wa kikundi hiki zimepita mikononi mwangu. Mtasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sawa, na ndiyo maana naanza kwa kuwaambia kwamba wengi wenu hapa hamhitaji lebo ya rangi nne kwa sasa. (Kicheko.) Mnahitaji jina kwanza.

Miaka kumi iliyopita, tulipokuwa tunaweka hisa za kwanza kwenye lile sanduku la bati, karibu sote tulikopa ili tununue na kuuza. Mitumba, dagaa, mchele. Muuza mchele hana haja kubwa ya nembo. Mteja anaonja punje, anauliza bei, anapima. Leo mambo yamebadilika. Humu ndani kuna watengenezaji wa sabuni za maji, mafuta ya nazi, achari, viungo vya pilau, batiki na mikate ya kumimina. Ukishatengeneza kitu kwa mkono wako, linazuka swali ambalo muuza mchele hakuwa nalo: mteja akikipenda, atakurudiaje wewe, asimrudie mwingine?

Yupo mwenzetu mmoja, ameniruhusu niseme habari yake bila kumtaja. Kwa miaka minne alitengeneza achari ya embe akapeleka duka moja la mjini. Alipeleka kwenye ndoo, wenye duka wakapaki wenyewe kwenye vichupa vyao na kubandika karatasi yao. Yeye hakuona ubaya, maana ndoo zilikuwa zinalipwa. Achari ile ilipata sifa. Watu walikuwa wanatoka mbali kuifuata. Halafu bei ya mafuta ikapanda, naye akaomba aongezewe shilingi kidogo kwa kila ndoo. Akajibiwa kwamba amepatikana mpishi mwingine wa bei nafuu. Wiki ile ile achari iliendelea kuuzwa: chupa ile ile, karatasi ile ile, wateja wale wale. Achari ilikuwa mpya, lakini wateja walichokuwa wanakijua ni karatasi. Mwenzetu akabaki na sufuria zake na ufundi wake, na hakuna hata mteja mmoja aliyejua kwamba kuna mtu ameondoka.

Jamani, wale watu hawakuiba kitu. Hilo ndilo linalouma. Kisheria achari waliinunua, na karatasi ilikuwa yao. Jasho la miaka minne lilijenga jina, ila jina lilikuwa la mtu mwingine. Kwa hiyo mtu akiniambia habari za nembo ni urembo wa watu wenye pesa, mimi namkumbuka huyu dada.

Sasa hebu kila aliyevaa kanga aitazame. Ukiacha lile jina la katikati, ambalo sote tunalisoma kabla hatujauliza bei, tazama kwenye ukingo. Wapo humu, najua, wenye kanga zilizoandikwa K.H.E., na mbele yake MALI YA ABDULLA. Herufi zile ni za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa kanga wa Mombasa, ambaye watu walimwita Abdulla. Yeye ndiye anayetajwa sana kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita alianza kutia maneno ya Kiswahili kwenye kanga. Huyo Abdulla hayupo duniani siku nyingi, lakini bibi zetu, mama zetu na sisi wenyewe tumekwenda dukani kuuliza kama ni ya Abdulla.

Nataka tuangalie alifanya nini, kwa sababu hakufanya jambo kubwa. Maua ya kanga hubadilika kila toleo, na maneno hubadilika. Ukienda na mtindo wa mwaka huu, mwakani umepitwa. Kile kimstari cha ukingoni ndicho hakikubadilika. Kinasema maneno matatu tu: mali ya fulani. Maana yake, kitambaa hiki kikichuja rangi, mnajua mlango wa kugonga. Hapo sijaona picha ya simba wala taji wala dunia inayozunguka. Ni herufi tatu na jina.

Mfano wa pili ni wa mwanamke. Siti binti Saad, wa Fumba, Unguja, jina la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa. Alianza kwa kuuza vyungu, akivitembeza huku anaimba, watu wakamjua kwa sauti kabla hawajamwona. Hilo jina la Siti alipewa baadaye, na ndilo lililoandikwa kwenye santuri alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Hebu fikirieni, mwanamke aliyeitwa Mtumwa, jina lake jipya linachapwa kwenye sahani na kuuzwa pwani nzima. Shaaban Robert, mtu wetu wa Tanga, akaandika kitabu cha maisha yake. Angebaki na lile jina la kwanza, sauti ingekuwa ile ile, hilo sikatai. Lakini mnunuzi lazima awe na neno la kumtajia muuzaji.

Haya, tuje kwetu. Jina gani?

Hapa mtaani ukiita "Mama Juma" wanageuka watatu. Jina la mtoto ni heshima kubwa, nami naitwa hivyo na ninaitika, lakini kwenye chupa halimtambulishi mtu. Wengine hutumia la mume. Siingilii ndoa za watu, ila tumeona humu humu kikundini mume anaondoka na jina lake, mama anabaki na maboksi mia mbili ya lebo. (Kicheko.) Tumia jina lako, au la bibi yako, au neno lolote ulipendalo ambalo halielezi bidhaa yenyewe.

Hapo kwenye kueleza bidhaa wengi hukwama. Wateja wangu wanakuja na "Sabuni Safi", "Asali Asilia", "Viungo Bora Tanga". Ni maneno mazuri, lakini ni ya kila mtu. Huwezi kumzuia mwingine kusema asali yake ni asilia. Ofisi ya usajili nayo hulikataa neno linaloeleza tu kitu kilivyo au kinapotoka, kwa sababu kulimilikisha kwa mtu mmoja ni kuwanyang'anya wengine lugha. Chagua neno ambalo ukiliondoa kwenye chupa halina uhusiano na kilichomo. Kisha lijaribu sokoni: mpigie simu mtu aliye kwenye kelele za stendi, mtajie jina mara moja tu. Akikuuliza mara tatu, lirahisishe.

Juu ya picha nitasema kama fundi. Vijana wa kompyuta watakuchorea nembo yenye kivuli, miale ya jua, mnazi, bahari na mwanamke mwenye ndoo kichwani. Kwenye kioo inapendeza. Ukiiweka kwenye kifuniko cha chupa, inakuwa doa. Mimi nina kawaida ya kufanya hivi: naichapa nembo kwa rangi nyeusi tu, kwa upana wa kifuniko cha soda. Halafu naitoa kopi, na ile kopi naitoa kopi tena. Ikibaki inatambulika, ni nembo. Isipotambulika, hata mkijaza rangi zote za upinde wa mvua haitawafaa, kwa sababu ipo siku wino wa rangi utakwisha, ipo siku mtaitaka kwenye mhuri, na ipo siku mtaitaka kwenye mfuko wa khaki wa bei rahisi.

Na muwakumbuke wasiosoma, na watoto wanaotumwa dukani. Mtoto hatumwi "kanunue mafuta ya jina refu". Anatumwa "yale ya kikombe", "yale ya jogoo". Majirani zetu wa Kenya wana mafuta ya kupikia ya Kasuku, na mnamjua yule ndege kwenye kopo. Huko sokoni kopo lake tupu limekuwa kipimo. Unauziwa maharage kwa kasuku. Picha moja inayotajika kwa neno moja yatosha. Kikombe, ufunguo, kinu, kunguru mkitaka. Mradi mwenzako asiwe nayo.

Hapa lazima niseme jambo kali kidogo. Wapo wanaoniletea alama za watu. Ile alama ya vema ya viatu vya Marekani, mtu anaitaka kwenye batiki. Sichapi. Wengine wananiomba niwawekee alama ya TBS pembeni "ili mteja aamini". Hiyo ndiyo kabisa sichapi. Alama ile ni ya Shirika la Viwango, na haichapwi kwenye bidhaa mpaka bidhaa ipimwe na mwenye bidhaa apewe leseni. Mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia SIDO akaelekezwa namna ya kuiomba. Wapo wenzetu waliopita njia hiyo. Tangu mwaka 2019 mambo ya usajili wa vyakula na vipodozi nayo yalihamishiwa TBS, kwa hiyo wa achari na wa mafuta ya nywele mlango ni mmoja. Kuibandika bila leseni ni kumdanganya mama mwenzako anayemlisha mtoto wake.

Sasa usajili. Watu wengi huchanganya vitu viwili, na mchanganyo huu ni wa hatari. Kuna kusajili jina la biashara, na kuna kusajili alama ya biashara. Kwa Tanzania Bara vyote viwili viko BRELA, ndiyo maana vinaonekana kama kitu kimoja. Ukisajili jina la biashara, umeiambia serikali kwamba wewe fulani unafanya biashara kwa jina hili. Basi. Unaweza kulifungulia akaunti ya benki na kuombea leseni. Hujapata bado haki ya kumzuia mwingine asitumie alama yako kwenye chupa zake. Haki hiyo inakuja kwa kusajili alama, chini ya sheria ya mwaka 1986. Ikikubaliwa hudumu miaka saba, baadaye unaihuisha kwa miaka kumi kumi.

Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na yapo 45. Sabuni ni daraja la 3, viungo la 30, nguo za kuvaa la 25. Kila daraja lina ada yake, kwa hiyo usilipie daraja la magari kama unauza iliki. Kule Kenya kuna mafuta ya Kasuku niliyoyataja, na kuna madaftari ya Kasuku ya wanafunzi. Hawagombani, kwa sababu hakuna anayekwenda kununua daftari akarudi na kopo la mafuta.

Mipaka nayo ina maana yake. Usajili wa Bara haukulindi Zanzibar. Kule wana ofisi yao. Haukulindi Kenya pia. Wale mnaovusha bidhaa Horohoro mlijue hilo kabla jina lenu halijawa maarufu upande wa pili.

Mtaniuliza, je, mtu anaweza kuja kulichukua neno letu? Mnakumbuka kelele za "hakuna matata". Maneno haya ni ya kila siku, na Them Mushrooms wa Mombasa waliyaweka kwenye wimbo wao wa Jambo Bwana mwaka 1982. Kampuni ya Disney iliomba kuyasajili Marekani mwaka 1994, mwaka ilipotoa filamu ya The Lion King, na mwaka 2003 yakasajiliwa kwa ajili ya fulana. Mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia saini kupinga. Mimi naona walikuwa na haki ya kukasirika, lakini tusitiane hofu isiyokuwepo. Usajili ule haumzuii mtu kusema hakuna matata, wala haufiki kwenye kibanda chako hapa. Unahusu kuuza nguo zenye maneno yale huko Marekani. Kinachonisumbua mimi ni kwamba wao waliijua njia ya ofisini, na sisi wenye maneno hatuijui.

Simaanishi kila mmoja akimbilie BRELA kesho. Kama unauza maandazi mtaani kwako, wateja wanakujua kwa sura na hiyo inatosha. Anayepeleka bidhaa kwenye maduka ambako yeye mwenyewe hayupo, huyo ndiye namwambia ajipange kwa ada ya usajili, na mkopo wa kikundi unaweza kutumika hapo. Ni mtaji kama mashine ya kusaga.

Nisisahau la simu. Mteja amependa sabuni, jina kwenye chupa amelisoma, anataka kulipa. Anaingiza namba, linatokea jina la mtoto wako wa kiume. Anasita. Anadhani anatapeliwa. Laini ya biashara isajiliwe kwa jina lako, au chukua lipa namba kwa jina la biashara, ili jina analolisoma kwenye chupa na analoliona kwenye simu yafanane. Na picha ya kwenye WhatsApp iwe ile nembo, au bidhaa, au wewe mwenyewe unapika. Ua waridi lenye umande halimwambii mtu kitu.

Ndugu Mwenyekiti, naja kwenye jambo ambalo najua wengi mnalisubiri. Kuna pendekezo mbele ya mkutano huu kwamba kuanzia sasa wanachama wote wenye bidhaa watumie nembo moja ya kikundi. Hoja zake nimezisikia, na zina nguvu: tutachapa kwa wingi kwa bei nafuu, tutajulikana upesi, na mwanachama mpya asiye na jina atabebwa na jina la kikundi lenye miaka kumi.

Mimi napinga kama lilivyo. (Minong'ono.) Naomba mnisikilize.

Tuseme wanachama ishirini wanatumia nembo moja. Mmoja, kwa haraka ya sikukuu, anapaki mafuta ya nazi kabla maji hayajakauka. Yanaharibika dukani. Mteja haandiki kwenye daftari lake kwamba yalitengenezwa na fulani. Anaikumbuka nembo. Kesho yake anakuta sabuni ya mwingine, nembo ile ile, anaipita. Wale kumi na tisa wameharibiwa soko na kosa ambalo hawakulijua. Na kinyume chake pia: mwenye mkono mzuri kuliko wote sifa zake zitamwagika kwa wote, na siku akitoka kikundini, kwa kuhama au kwa kuolewa mbali, atatoka mikono mitupu kama yule dada wa achari. Tofauti itakuwa kwamba safari hii karatasi itakuwa ni yetu sisi wenzake.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kila mwanachama awe na jina lake mwenyewe mbele ya chupa, kwa herufi kubwa. Nembo ya kikundi iwe ndogo, nyuma au kwenye kifuniko, na iwe na maana moja tu: bidhaa hii tumeikagua. Hata sanduku letu la fedha hakuna anayelifungua peke yake. Mpaka funguo tatu zikutane. Na mhuri wa nembo ukae vivyo hivyo. Wachaguliwe watatu, wasiwe wale wale washika funguo, waonje, wapime uzito, waangalie tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, ndipo stika zitoke kwa idadi ya chupa zilizokaguliwa. Mtu amepika chupa 40, anapewa stika 40. Asipewe bunda aende nalo nyumbani.

Na liandikwe kwenye katiba yetu kwamba jina la mwanachama ni mali yake. Akitoka, anatoka nalo; nembo ya kikundi inabaki. Nembo yenyewe isajiliwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti, hata kama mwenyekiti wetu ni mtu mwema, maana wenyeviti hubadilika. (Makofi.)

Mtasema ukaguzi ni kazi na utaleta ugomvi. Utaleta. Kumwambia shoga yako wa miaka kumi kwamba achari yake wiki hii haina kiwango si jambo jepesi, na wapo watakaosusa. Lakini tulishapita hapo kwenye mikopo. Mnakumbuka mwaka wa kwanza tulivyooneana haya kudaiana? Leo mtu akichelewesha rejesho analipa faini yake mbele ya wote na chai tunakunywa pamoja.

Mezani kwa Katibu nimeacha karatasi. Upande mmoja nimechora duara la ukubwa wa kifuniko cha soda, ishirini kwa kila karatasi. Kabla ya chakula, kila mwenye bidhaa achukue moja na kalamu nyeusi, ajaribu kuandika jina lake na kuchora kitu kimoja ndani ya duara. Zitakazopatikana tutazibandika ukutani bila majina ya wenyewe, tusimame hatua kumi, tuone zipi zinasomeka. Kura ya pendekezo itapigwa saa nane.